Kijito changu hakikauki, korongo la jirani kavu kabisa, shida nini?

Mkulima_wa_Hai: Wakuu habari. Niko Hai huku chini, nyuma ya shamba kuna kijito hata mwezi wa pili jua linawaka kinatiririka tu, ila korongo la jirani, mita kama mia tatu hivi, vumbi. Halafu alfajiri ukitia mguu maji yana vuguvugu na mchana yanakuwa ya baridi. Ukigeuza jiwe unakuta kaa wadogo wanakimbia. Babu alisema kuna joka linalinda maji. Sasa kuna mtu kaanza kuchimba kisima kirefu hapo juu, ndo nauliza, kitakauka?

fundi_pampu: Joka lako ni chemchemi mkuu 😂 Mvua ya msituni Kilimanjaro inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini, inatokea huko kwenu. Wengi wanadhani ni barafu ya kileleni Kibo, mchango wake mdogo sana. Na hiyo vuguvugu ni wewe unadanganyika, maji ya chini joto lake halibadiliki sana, hewa ndo inapoa na kupanda. Kaa wanapenda hivyo, hawahangaiki kiangazi. Korongo la jirani linasubiri mvua, huko wanaishi wadudu wanaokua chapchap wakaruka kabla pakauke.

Msafiri254: Kama Mzima Springs huku kwetu Tsavo. Mvua inanyesha vilima vya Chyulu, juu hakuna mto hata mmoja sababu lava inaimeza yote, inatokea Mzima maji safi mpaka unaona samaki wakimfuata kiboko wale kinyesi. Na ni hayo hayo yanapelekwa Mombasa na bomba.

Mama_Migomba: Msisifie sana jamani. Maji ya chini yanabeba na ya kwake, huku Arusha fluoride imetuharibu meno. Choo cha shimo na mbolea navyo vikishuka mle kijito kinajaa mwani, pale jicho la maji, yanapotokea ardhini, hewa ndani yake ni kidogo tayari, wadudu wanaanza kufa. Na usiguse mikuyu, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za chanzo.

Mkulima_wa_Hai: Mikuyu ipo miwili, ila mimi mwenyewe nina mchicha kama mita kumi hapo 🙈 Na kisima je?

fundi_pampu: Kikikutana na mkondo uleule kinaweza kukupunguzia, na wa kwanza kuumia ni hao kaa wa kingoni. Kaulize Bodi ya Maji Bonde la Pangani kama ana kibali. Na chomeka fito kijitoni leo, weka alama, pima kila siku kabla hajawasha pampu na baada.

Mkulima_wa_Hai: Nimechomeka. Maji yako vidole vinne juu ya alama ya kisu. Mchicha nauhamisha wikiendi, mke wangu kashanuna.