Kwa nini misitu ya miombo haifanani kila mahali?

Swali
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Miombo huelezwa kuwa ukanda mmoja unaotanda kutoka Angola hadi Tanzania na Msumbiji, wenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Mbona basi kaskazini mwa Zambia miti ni mirefu na kivuli ni kizito, ilhali Zimbabwe mingi ni mifupi? Je, sababu ni mvua peke yake?

Jibu la kwanza
Mvua ina uzito mkubwa. Wataalamu huitenga miombo ya mvua nyingi na miombo mikavu kwa kigezo cha takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na miti ya kundi la kwanza kwa kawaida huvuka mita 15. Hata hivyo, mwinuko nao usipuuzwe, kwani sehemu kubwa ya miombo imestawi kwenye nyanda za juu, na mtu akiteremka katika mabonde ya Luangwa na Zambezi, ambako joto ni kali na udongo mara nyingi ni wa mfinyanzi, hukuta mopane, mti wa mabonde yenye joto, imeshika nafasi ya mitundu na miyombo, ambayo ni miti mikuu ya miombo.

Jibu la pili
Naongezea udongo, ambao kwa maoni yangu husahaulika mno. Chukueni mteremko mmoja tu wa Tabora: juu, kwenye kichanga kinachopitisha maji, kuna miombo pamoja na mininga, chini, maji ya masika hutuama juu ya udongo mweusi, mizizi ya miombo haivumilii hali hiyo, na panabaki mbuga ya nyasi yenye migunga pembezoni. Mvua inayonyesha juu na chini ni ileile.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Lakini ikiwa maji ndiyo shida, kwa nini miti mingi huchipua mwezi Septemba, kabla ya mvua?

Jibu la kwanza
Mizizi yake huenda chini sana, na shina huweka akiba ya maji, hivyo joto likipanda machipukizi hutoka, yakiwa mekundu kwanza kisha kijani. Hapo pia kanda hutofautiana: penye mvua nyingi miti hukaa bila majani kwa muda mfupi, na mingine haipukutishi yote, ila kwenye miombo mikavu huwa mitupu kwa muda mrefu zaidi.