Nebraska: tatizo ni kocha au usajili?

Mkazi wa Lincoln:
Ndugu zangu, sauti imenikauka. Jana Jumamosi, 10 Septemba 2022, nilikuwa Memorial Stadium, uwanja wa timu yetu ya chuo kikuu cha Nebraska ya futiboli ya Kimarekani: Georgia Southern wametufunga 45–42 nyumbani kwetu, wakasonga na mpira yadi 642! Leo kocha wetu Scott Frost kafutwa kazi. Mechi 47, ushindi 16 tu. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake nyekundu, akaishika magotini, hakusema neno mpaka jukwaa likabaki tupu. Ugonjwa wetu hasa ni nini?

Baba Amani:
Kocha, kaka. Mwaka 2021 tulipoteza mechi 9, na hakuna hata moja iliyozidi tofauti ya pointi 9. Timu isiyo na vipaji hupigwa kwa 40. Sisi tunaharibu mwishoni: kupiga mpira kwa teke, adhabu, mpira kuponyoka mikononi. Hayo ni kasoro za mazoezi.

Dada wa Omaha:
Mimi nasema usajili. Jimbo lina watu kama milioni 2, vijana wa kujaza kikosi hawatoshi. Zamani tulichota vijana Texas. Tangu 2011 tulipohamia ligi ya vyuo ya Big Ten hatuchezi huko, na kijana wa Houston, Texas, anataka mama yake amwone uwanjani.

Mkazi wa Lincoln:
Dada, hapo umenigusa. Lakini kocha wetu wa zamani Tom Osborne alipokea hata watoto wa wakulima waliokuja bila ufadhili wa masomo, wakabeba vyuma miaka mpaka wakawa ukuta. Ubingwa 1994, 1995, 1997! Kocha ajaye aanzie mstari wa mbele, wale wachezaji wakubwa wanaozuia wapinzani. Jumamosi wanakuja timu ya Oklahoma, na tiketi ninayo mfukoni.