Hivi hawa wanaouza safari za "kijiji cha asili" Dodoma wanatuona mazuzu?

Wakuu, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye jukwaa la matangazo ya utalii, kule hakuna anayesoma. Hapa nazungumzia pesa za watu.

Tangu treni ya SGR ianze kuleta watu Dodoma mwaka 2024, kila mwenye Noah na simu yenye kamera nzuri amegeuka mwongoza watalii. Mtu anashuka stesheni Ijumaa usiku, Jumamosi anataka kuona kitu, Jumapili arudi Dar. Sanamu ya Nyerere pale Nyerere Square haiwezi kumaliza Jumamosi nzima. Basi kikazaliwa kitu kinaitwa "Siku Moja Kijijini". Elfu 85 kwa kichwa, usafiri, chakula na ngoma humo humo. Mashemeji zangu na mama mkwe walikuwa wanakuja, wakaliona tangazo huko huko Dar, wakalipa kabla hata hawajaniuliza mimi ninayeishi hapa. Na mimi mwenyeji nikalipishwa kamili.

Tangazo lenyewe kwanza. Picha ya juu ni wanaume wenye pinde na ngozi za nyani. Wakuu, wale ni Wahadzabe, kwao ni huko Ziwa Eyasi! Dodoma kuna Wagogo, ukipanda Kondoa kuna Warangi, Chemba kuna Waburunge na Wasandawe. Makabila yote hayo, mwenye kampuni kaenda kuazima la mikoa mingine.

Tuliambiwa saa moja asubuhi. Gari likaondoka saa nne, eti dereva anasubiri wageni wengine. Sasa niwaulize wenye mifugo humu: saa sita mchana kijijini Ugogo unakuta nini? Ng'ombe walishakamuliwa na wako machungani, akina mama wako kisimani au mashambani, wazee wamejikunyata kivulini. Kijiji unakikuta alfajiri au jioni mifugo inaporudi. Ukifika mchana na jua la utosini unakuta watu waliopangwa wakusubiri. Na kweli tuliwakuta.

Kiwanja kiko kando ya lami kabisa. Kilichaguliwa hapo kwa sababu Coaster inageuza bila shida, sioni sababu nyingine. Katikati kuna banda la makuti. Narudia, MAKUTI. Dodoma! Mnazi wa karibu uko wapi? Pembeni kuna kijumba wanachokiita tembe. Nikakizunguka kwa nyuma, kwenye kona udongo umebanduka, ndani ni tofali za saruji na mstari wa zege umekaa vizuri kabisa.

Kwa wasiojua, tembe la Kigogo ni kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa: nguzo, mapau, fito, majani, halafu udongo juu yake unashindiliwa. Linawezekana huku kwa sababu mvua yetu ni haba, milimita 500 au 600 kwa mwaka. Ni fupi, unainama kuingia, na jua la Oktoba likiwaka nje ndani kumepoa. Nyumba inazunguka ua, mifugo inalala humo humo. Tembe za kweli bado zipo, nyingine hazina hata nusu saa kutoka pale tulipopelekwa. Ila hazina maegesho.

Ngoma sasa. Vijana sita wamevishwa shuka nyekundu, wanaruka juu juu kama Wamasai. Mmoja simu ikaanza kuita ndani ya shuka, mlio wa singeli, mwenye kampuni akamkemea mbele yetu kama mtoto: "Si nilisema simu zibaki kwa mama!" Kijana wa watu akajikausha. Mimi hapo ndipo nilipochemka. Kwa nini afiche simu? Anaishi mwaka huu huu ninaoishi mimi, ana laini, ana bodaboda, anatuma pesa. Nani kasema Mgogo mwenye simu si wa asili?

Na hii ndiyo nchi ya muheme! Ngoma ya akina mama, wanazibana mapajani na kuzipiga kwa mikono, mabega yanacheza. Ndiyo nchi iliyomtoa mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, ala zetu za zeze na ilimba zikavuka bahari. Mama wawili walipewa nafasi mwishoni, wakapiga kidogo tu, na shemeji yangu mkubwa, mtu asiyeshangazwa na kitu, akasimama. Kabla hajakaa chini tukaambiwa muda umeisha, chakula tayari.

Chakula: wali, kuku wa kizungu na soda ya chupa. Nikauliza ugali wa uwele uko wapi, mlenda uko wapi. Yule dada wa kampuni akanijibu, "Wageni hawapendi vile vya kuvutika." Wageni gani? Mama mkwe wangu kaagiza mlenda tangu wiki iliyopita kwenye simu!

Nikatoka nje nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa anatuangalia kwa mbali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukazungumza. "Mwanangu," akasema, "hawa hapa hatuwajui. Ofisini hawajafika, mwenyekiti hawajamsalimia. Wamekodi kiwanja kwa mwenye shamba, na hao vijana kila mmoja anapata buku tano na nauli." Elfu tano! Piga hesabu mwenyewe, gari limejaa watu wa elfu 85.

Kijiji kina halmashauri yake, kina mtendaji, kina mkutano mkuu ambao unatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Mtu anauza jina la kijiji, sura za watu wake na ngoma za bibi zao, halafu kwenye vitabu vya kijiji haingii hata shilingi ya chaki. Ndiyo maana kampuni siitaji na kijiji sikitaji, wanakijiji hawana kosa. Ila mwenye kampuni anajijua, na najua anapita humu.

Halafu kuna hili la "asili". Wanajua hata historia? Vijiji vingi vya huku vilipangwa upya kwenye Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika wakawekwa pamoja. Kijiji chenye nyumba za bati zilizojipanga mistari ndicho historia yenyewe. Nionyeshe hicho. Nikutane na mzee aliyehamishwa aniambie aliacha nini. Nitalipa elfu 85 kwa furaha na bakshishi juu.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wawili watatu wananiambia "si ungeenda mwenyewe bure". Mkuu, kuingia kijijini na kamera bila kupita ofisini kumsalimia mtendaji au mwenyekiti, kwenu ndiyo adabu? Tunamlaumu yeye kwa jambo hilo hilo.

Na huyu anayesema tungechukua ile "Kijiji na Michoro ya Kolo" ya siku moja, kwa bei ileile: michoro ile ya kale ya miambani ni ya kweli, iko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2006, na lami hadi Kondoa na kuendelea Babati ni safi. Lakini kutoka hapa mjini hadi Kolo ni kama kilomita 180 kwenda tu. Kuna kupita ofisi ya Mambo ya Kale, kuna kuacha lami, kuna kupanda mlima kwa miguu. Pale Mungumi, kwenye miamba yenye michoro, wenyeji bado wanafanya matambiko yao, si mahali pa kukimbia na kijiti cha kupigia picha. Anayeondoka Dodoma saa nne asubuhi na kukuahidi Kolo, kijiji, ngoma na chakula kabla ya magharibi, anakudanganya kwa kutumia saa yako mwenyewe.

Nimemwandikia mwenye kampuni kudai nusu ya pesa. Kanijibu na kidole gumba.

Wenyeji wa Bahi, Chamwino na Chemba, kuna kijiji ambacho uongozi wenyewe unapokea wageni, kwa risiti ya kijiji? Mama mkwe bado yupo hadi Jumatano na mlenda hajala. Picha ya ile kona ya tofali naweka jioni, bando limekata.