Ushauri wa matibabu ukibadilika, mgonjwa aliyepewa ule wa zamani anaambiwa na nani?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na nitajitahidi hasira hiyo isiifunike hoja.

Mama yangu alimeza aspirini kila asubuhi kwa miaka 11. Hakuwahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi; daktari alimwandikia kwa sababu tu umri ulikuwa umesogea, akamhakikishia kwamba kidonge hicho kidogo kingemkinga. Mwaka jana alilazwa akiwa anatapika damu. Daktari kijana aliyempokea alipopitia orodha ya dawa zake alituuliza, kwa mshangao wa kweli, ni nani bado anampa aspirini mzee asiye na historia ya ugonjwa wa moyo. Tuliulizwa sisi, kana kwamba sisi ndio tuliopaswa kujua.

Ilinibidi nisome mwenyewe. Utafiti wa ASPREE, ulioshirikisha watu 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 70 au zaidi, ulichapishwa mwaka 2018. Kwa wazee ambao hawajawahi kuugua moyo, aspirini ya kila siku haikupunguza magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha maana, ila iliongeza hatari ya kuvuja damu nyingi. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani likashauri kwamba watu wa miaka 60 na kuendelea wasianzishiwe aspirini kwa lengo la kuzuia mshtuko wa kwanza. Katika miaka hiyo yote mama alihudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kila mara dawa zile zile ziliandikwa upya bila mtu kujiuliza kama bado zinamfaa. (Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi asiache aspirini kwa sababu ya uzi huu. Ushahidi unaomhusu ni mwingine, na azungumze kwanza na daktari wake.)

Sina ugomvi na tiba kubadilika. Barry Marshall na Robin Warren walipodai katika miaka ya 1980 kwamba bakteria ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, wengi hawakuwaamini, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Elimu hukua hivyo. Kinachonikera ni kwamba habari hubaki kwa wenye taaluma, na anayemeza dawa huwa wa mwisho kuipata, ikiwa ataipata.

Wakati mwingine hata madaktari wenyewe hunyimwa. Mwaka 1980 watafiti wa Uingereza waliijaribu lorkainidi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika, kwa takriban wagonjwa 100 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Kati ya waliopewa dawa walikufa 9. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa alikufa 1. Watafiti walidhani tofauti hiyo imetokea kwa bahati tu, dawa ikaachwa kwa sababu za kibiashara, na matokeo yakakaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1993. Katika kipindi hicho madaktari waliendelea kuwaandikia wagonjwa dawa za jamii hiyo hiyo, wakiamini kwamba mapigo yaliyovurugika ndiyo yanayotangulia kifo na kwa hiyo kuyatuliza ni kuokoa maisha. Mwaka 1989 jaribio kubwa la Marekani lililoitwa CAST lililazimika kusitisha flekainidi na enkainidi, kwa kuwa waliozimeza walikuwa wakifa zaidi kuliko wasiozimeza. Watafiti wale wa Uingereza walikiri baadaye kwamba matokeo yao yangeweza kuwa onyo la mapema. Yangeweza! Vifo 9 dhidi ya 1 vilikaa kwenye karatasi kwa miaka 13.

Na watoto wachanga je? Kwa miongo kadhaa wazazi walishauriwa kuwalaza kifudifudi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ushahidi wa kutosha kwamba ulalaji huo huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini ulikuwepo tangu mwaka 1970, lakini kampeni za kuwalaza chali zilisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Najua kwamba tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya kitabibu hayakubali jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Ni hatua njema, lakini kusajili jaribio si kutangaza matokeo yake, na kuyatangaza kwenye jarida si kumfikishia mama yangu. Ninachodai hakihitaji mashine mpya: mwongozo unapobadilika, kila kliniki ifungue majalada yake, iwatafute walioandikiwa dawa kwa mwongozo wa zamani, na iwaambie kwa lugha wanayoielewa nini kimebadilika na kwa nini.

Wahudumu wa afya mliomo humu, naomba mnijibu bila kuzunguka: mara ya mwisho mwongozo ulipobadilika mahali mnapofanyia kazi, mliwatafuta wagonjwa wangapi?