Morzine kwa baiskeli ya milimani: breki, matairi na njia za kuanzia

KonaKali

Wakuu, salaam. Wiki ya pili ya Julai tunakwenda Morzine, Alpi za Ufaransa: tunapanda kwa lifti, tunashuka kwa baiskeli. Mpango ni kuzunguka pande za Les Gets na Avoriaz, na siku moja tuvuke hadi Champéry, Uswisi.

Baiskeli yangu si ya mteremko mtupu. Magurudumu ni inchi 29, shokapu ya mbele ina mwendo wa milimita 150, ya nyuma 140. Breki ni za mafuta, pistoni mbili kila upande, diski za milimita 180 mbele na nyuma, pedi za resini zilizokuja nayo. Mimi na mavazi yote kilo 84, baiskeli 15 na kitu.

Njia nilizozoea hushuka mita 150 au 200 tu. Je, baiskeli hii itahimili au nikodishe ya mteremko nikifika? Kama itahimili, nibadilishe nini kwanza, na nianzie wapi?

FundiSpoki

Fremu itahimili. Kitakachokuangusha ni breki, kwa hiyo pesa zipeleke huko kabla ya kitu kingine.

Piga hesabu. Wewe na baiskeli ni kama kilo 100. Kutoka juu ya mlima wa Pléney hadi Morzine mjini ni karibu mita 500 kwenda chini, yaani kilojuli 490 hivi. Upepo na matairi vinakula sehemu, nyingine yote inageuka joto kwenye diski mbili. Joto hilo lote lingechemsha lita moja na nusu ya maji. Ukitokea Pointe de Nyon, kwenye mita 2,019, zidisha mara mbili. Na lifti inakurudisha juu kabla hujapumzika vizuri.

Diski ya mbele weka 203 au 200. Ya nyuma pia kama fremu inaruhusu. Soma kwanza kikomo alichoandika mtengenezaji wa fremu na wa shokapu. Adapta ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) lazima iendane na diski yenyewe: kati ya 200 na 203 kimo cha kalipa kinatofautiana milimita 1.5. Ukichanganya, ama pedi zinaning'inia nje ya ukingo wa diski, ama diski inagusa mwili wa kalipa. Bolti sita za diski ni za bisibisi ya nyota T25. Kaza kwa kurukia upande wa pili kila mara, usizifuate kwa mduara.

Pedi nunua za metali. Zinapiga kelele na zinachelewa kushika zikiwa baridi, lakini hazilainiki kwenye joto na hazimalizwi na tope la siku moja. Ukibaki na diski zako za sasa, zisome kwanza: diski nyingi za bei nafuu zimepigwa chapa kwamba ni za pedi za resini tu, na pedi ya metali itazila haraka. Beba jozi moja ya akiba kwa kila breki.

Pedi mpya na diski mpya zizoeshane KABLA ya safari. Kimbia kama kilomita 20 kwa saa, kamata breki kwa nguvu hadi ubaki mwendo wa miguu, achia. Gurudumu lisifunge, na usisimame kabisa. Rudia mara 20 kwa kila breki, kisha mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Anayeruka hatua hii anakuja kulalamika kwamba breki mpya ni mbovu.

Mafuta yabadilishwe na hewa itolewe kabla hujaondoka. Tazama kifuniko cha tenki dogo kwenye mkono wa breki: imeandikwa DOT (aina ya mafuta ya breki kama ya magari) au mafuta ya madini. Usichanganye kamwe, mipira ya ndani itavimba na breki imekufa. DOT inanyonya unyevu wa hewani. DOT 5.1 mpya haichemki chini ya nyuzi 260, ila ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 180. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yaliyokaa misimu miwili kwenye mabomba ndiyo yanayochemka katikati ya mlima.

Ukiwa njiani, jua tofauti ya magonjwa mawili. Mkono wa breki mgumu kama kawaida lakini baiskeli haipungui mwendo: pedi zimepata joto kupita kiasi, pengine uso umeng'aa kama kioo. Simama, ziache zipoe. Zikirudia, zitoe uzisugue kwa msasa. Mkono unaozama hadi kugusa usukani: mafuta yamechemka, kuna mvuke ndani. Hapo usipampu na kuendelea. Shuka, subiri, na jioni toa hewa upya. Diski ya moto usiimwagie maji, itapinda.

MteremkoMrefu

Naongezea jambo moja kwa fundi: breki hazipikwi na mlima peke yake, zinapikwa na kidole kisichoachia. Kubana kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakoua. Kamata kwa nguvu mita chache kabla ya kona, gurudumu likiwa wima, kisha achia kabisa na upite kona bila breki. Muda wa kuachia ndio muda wa kupoa.

Sasa njia. Rangi ni kijani, bluu, nyekundu, nyeusi, lakini usizitafsiri kwa njia za nyumbani. Bluu ya huko inaweza kuwa haina jiwe hata moja, ila ni ndefu, ina kona za ukingo (zilizoinuliwa upande wa nje) mfululizo, na kufikia Julai mbele ya kila kona kuna matuta yaliyochimbwa na watu wanaofunga magurudumu. Mikono inachoka kabla ya miguu.

Siku ya kwanza panda Pléney, vuka kileleni kuelekea Les Gets, ukae kwenye kijani na bluu za upande wa Chavannes. Ni pana na zimejengwa vizuri. Mont Chéry, ng'ambo ya kijiji, ina mteremko mkali na mizizi. Iache hadi breki uziamini. Les Gets waliandaa mashindano ya dunia mwaka 2004 na 2022, kwa hiyo mabango ya kuonyesha njia za mashindano utayaona. Kuliona bango si kualikwa.

Avoriaz unapanda kwa Super Morzine kisha lifti ya Zore. Toka hapo teremka Lindarets. Kwenda Uswisi, lifti ya Mossettes kutoka Lindarets inakutoa mpakani kileleni, halafu unashuka Les Crosets na kuendelea Champéry. Kosa la kawaida liko kwenye kurudi: unahitaji zaidi ya lifti moja, na ya mwisho ikifungwa mzunguko kwa barabara ni mrefu sana na teksi haitakuonea huruma. Piga hesabu ya saa kuanzia lifti ya mwisho kurudi nyuma. Asubuhi hiyo hiyo hakikisha zote zinafanya kazi, na ukisikia ngurumo upande wa pili geuza mapema, maana lifti husimamishwa kwa radi. Beba kitambulisho au pasi, na kumbuka Uswisi haimo Umoja wa Ulaya: faranga, na bando la simu huenda lisifanye kazi.

Mvua ikinyesha, udongo wa bonde hili unakuwa sabuni, hasa kwenye mizizi. Njia ya Champéry ambayo Mwingereza Danny Hart alishindia ubingwa wa dunia mwaka 2011 kwenye tope isikudanganye kwamba tope linaendesheka.

KonaKali

Asanteni sana. Breki ni za mafuta ya madini, nimeona kwenye kifuniko. Swali la matairi: nyuma nina tairi jepesi la inchi 2.4, tyublesi (halina tyubu ndani), upepo bari 1.4. Na shokapu niiguse au niache?

TyublesiDaima

Bari 1.4 nyuma kwa kilo zako na tairi jepesi: utabonyeza rimu kwenye jiwe la kwanza. Weka tairi la kuta nene nyuma, lile la tabaka mbili; uzito wake huzunguka gramu 1,200 na kuendelea, lakini unapanda kwa lifti, uzito si hoja. Mbele unaweza kushuka daraja moja. Anza na bari 1.8 nyuma, 1.6 mbele, kisha punguza 0.05 kwa wakati mmoja. Ukisikia rimu ikigonga, rudisha. Ukihisi tairi linakunjika kwenye kona za ukingo, ongeza hata kama haligongi.

Dawa ya pancha mimina mililita 100 hadi 120 kwa tairi la inchi 29, mpya, siyo ile iliyokauka ikawa mpira. Beba kamba za kuziba, tyubu moja na pampu. Tundu la kwenye tairi linazibika kwa kamba. Mpasuko wa ukutani mara nyingi hauzibiki, unahitaji tyubu na kipande cha plastiki kigumu ndani.

Ukijaza upepo bondeni na kupima kileleni, usishangae geji ikisoma tofauti. Kupanda kutoka mita 1,000 hadi 2,000 kunapunguza shinikizo la hewa ya nje kwa takriban bari 0.1, kwa hiyo geji inasoma juu kwa kiasi hicho. Baridi ya huko inalishusha tena kidogo. Pima sehemu ileile kila siku, basi.

Sifongo ya ndani ya tairi la nyuma weka pia. Inaokoa rimu.

FundiSpoki

Kwenye sifongo tunaachana. Kwa mtu mwenye tairi la kuta nene na bari 1.8 ni gharama ya ziada, na siku utakapolazimika kuingiza tyubu porini utaitoa imejaa dawa ya pancha na huna pa kuiweka. Kwa mzito au anayepiga mawe kwa kasi, sawa.

HewaKidogo

Shokapu: ukiwa umesimama kwenye pedali na mavazi yote, ya nyuma ibonyee asilimia 30 ya mwendo wake, ya mbele 15 hadi 20. Kama ya mbele inafika mwisho mara kwa mara, usiongeze upepo tu. Ongeza kipande kimoja cha plastiki cha kupunguza nafasi ya hewa ndani, ili mwisho uwe mgumu na mwanzo ubaki laini.

Kwenye matuta ya breki wengi hulaumu shokapu kuwa ngumu wakati tatizo ni mrejesho wa polepole mno. Inabonyea tuta la kwanza, haijarudi, tuta la pili limefika. Kufikia la tano imebaki chini na mikono inapigwa. Fungua skrubu ya mrejesho, kwa kawaida nyekundu, mibofyo miwili kuelekea haraka, ujaribu tena sehemu ileile. Ikianza kukurusha, rudisha mmoja.

Mikono ya breki isogeze ndani ili kidole kimoja kikae nchani, na uilaze zaidi kuliko ulivyozoea. Ikielekea chini sana, kwenye mteremko mkali kiganja kinapinda na misuli inafunga mapema.

Kwenye malisho ya juu kuna ng'ombe na nyaya za umeme: geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ukikuta kondoo na mbwa mkubwa mweupe, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea polepole kwa kuwazunguka mbali. Ukimpita kwa kasi atakukimbiza.

Namba za dharura: upande wa Ufaransa 112. Champéry iko jimbo la Valais, huko piga 144. Ile 1414 ya Rega (huduma ya uokoaji kwa helikopta) inayotajwa kila mahali ni ya maeneo mengine ya Uswisi. Helikopta ya Uswisi hulipiwa, hivyo soma bima yako kama inataja baiskeli ya mteremko kwa lifti. Kampuni nyingine za bima zimeitoa kwa maandishi madogo.

Na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma, kinunue cha akiba kabla hujasafiri. Kila fremu ina cha kwake, na kikikatika hupati cha kufanana duka la kwanza.