Mnaofundisha kwamba "mwananchi wa kawaida" alipata kura enzi za Andrew Jackson, yule rais wa Marekani, mwananchi gani huyo?

Wakuu, nimekereka, na mods naomba msiutupe uzi huu kule kwenye vichekesho.

Jana usiku binti yangu wa kidato cha tano kaniletea notsi za historia. Zimeandikwa kwamba Marekani, miaka ya 1820 na 1830, demokrasia ilipanuka na mwananchi wa kawaida akapata kura. Basi, imeishia hapo. Pembeni tiki nyekundu ya mwalimu.

Chukueni New York, 1821. Wajumbe wanakutana Albany kuandika katiba upya. Ile ya 1777 ilidai mali ndipo mtu apige kura, lakini haikuuliza rangi ya ngozi. Sasa mzungu maskini analegezewa: akiwa amelipa kodi, au ametumikia mgambo, au amechimba barabara, anapiga kura. Mweusi huru je? Yeye awe na ardhi yenye thamani ya dola 250. Kinyozi mwenye duka la kupanga, hana lake. Na hayo yote yamo katika kifungu kimoja, yaani kalamu iliyompa huyu ndiyo iliyomnyang'anya yule!

Wala New York haikuwa peke yake. New Jersey wajane wenye mali walikuwa wakipiga kura, wakafutwa 1807 pamoja na weusi. Pennsylvania 1838 wakachomeka neno "mzungu" kwenye katiba. Notsi zimenyamaza kimya.

Sikatai kwamba kulikuwa na mwamko. Mwaka 1824 Jackson aliwazidi wenzake wote kwa kura lakini hakufikisha nusu, Bunge likampa urais John Quincy Adams. Watu walichachamaa, na 1828, Jackson aliposhinda, idadi ya waliojitokeza kupiga kura ikapanda kutoka kama asilimia 27 hadi 57 hivi. Siku ya kuapishwa kwake, Machi 1829, Ikulu ilifurika mpaka vyombo vikavunjika, ikabidi mabeseni ya pombe yatolewe nje kwenye majani ili watu wayafuate. Stori hiyo naipenda, sifichi.

Ila rais huyohuyo wa wanyonge alikuwa anamiliki watumwa kule Tennessee. Mwaka 1830 akasaini sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu, ambayo Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 102 dhidi ya 97. Wacherokee, kabila mojawapo la Wahindi hao, walipoondolewa kwa nguvu mwaka 1838, wanakadiriwa kufa kama 4,000. Tofauti ya kura tano tu, wakuu! Na wao hawakuwa na hata moja.

Asubuhi nimempigia mwalimu. Kanijibu, "Mzee, mtihani hauulizi hayo."

Kifungu cha 1821 nimeshakiprinti na Jumatatu nakwenda nacho shuleni. Mwenye ushauri atoe, wa "jifunze kuachilia" apite tu.