Kuvua MX-5 kwa ajili ya gari la kujiundia: naanzia wapi?

Mzee_wa_Spana: Wakuu, niko Leicester, nina Mazda MX-5 ya 1992, injini 1600. Chini ya milango imeliwa na kutu lakini mtambo ni mzima. Nataka kuuhamishia kwenye fremu ya Exocet, lile gari la kujiundia linalotumia vyuma vya MX-5. Sina winchi, nina jeki na jirani mvumilivu. Nitoe injini kwanza?

Gia_Tano: Usiitoe, mkuu! Kwenye MX-5, gia boksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) vimeungwa kwa boriti ndefu ya aluminiamu. Chomoa paipu za breki na mafuta, shafti ya usukani na nyaya, fungua bolti za bodi, kisha inueni bodi. Mtambo wote unabaki chini umesimama kwenye matairi yake. Jirani mmoja hatoshi, pika pilau uite watu. Betri iko kwenye buti, ichomoe kwanza.

Mama Karakana: Waya usikate hata mmoja! Bandika tepu kila soketi, andika inakokwenda. Na petroli itoke yote kabla hujawasha grinda.

Mzee_wa_Spana: Paa gumu la kuvua na kuvalisha ninalo pia.

Gia_Tano: Hilo uza. Lina wateja kuliko gari lenyewe.